Ndoo ya Vitofali

Jumatatu, 4 Machi
Mama amefika. Atakaa kwangu wiki moja, apumzishe goti. Daktari kamkataza kukaa chini na kuchuchumaa, kwa hiyo nimempa kochi. Mimi niko kwenye cherehani, sare thelathini za shule zinanisubiri.
Mara — kwaraaa! Binti yangu kamwaga vitofali vyake vya plastiki sakafuni, chumba cha pili. Mguu ukaganda kwenye pedeli. Sauti ile ile! Nikawa na miaka saba tena, mlangoni, kaka anajenga ghorofa kwa vitofali kama hivi. Kazi yangu ilikuwa kuchomoa vilivyokwama. Kwa meno! Nikimwomba Mama aje acheze nami, jibu lilikuwa moja: ana kazi, nimpishe.

Jumatano, 6 Machi
Nimechungulia. Mama yuko SAKAFUNI! Kanyoosha goti, yeye na binti yangu wanajenga banda la ng'ombe. Tak, tak, tak. Anacheka mpaka anafuta machozi. Nikamkumbusha daktari. Akasema goti ni lake.
Enzi za utoto wangu magoti yake yalikuwa mazima!
Wivu. Haya, nimeliandika. Namwonea wivu mtoto wa miaka sita, tena wa kumzaa mwenyewe. Aibu gani hii? Leo nimeshona mfuko juu chini, nikafumua, nikaushona vile vile tena.

Alhamisi, 7 Machi
Nimeificha ndoo ya vitofali. Juu ya kabati, nyuma ya vitambaa. Mtoto katafuta chini ya vitanda vyote, kalia. Nikamwambia labda aliisahau nje. Uongo mkavu! Mama kanitazama tu.
Nyumba kimya. Nilidhani nitafurahi.

Jumamosi, 9 Machi
Mama anaondoka kesho. Asubuhi hii mume wangu katoka na binti kumnunulia viatu. Nikakaa nishone. Mama akaniita chumba cha pili: nimletee ndoo, ile iliyo juu ya kabati.
Nikaanza kujitetea, eti nimeiona sasa hivi. Akasema nisimchoshe. Nikamwambia mtoto hayupo, mpaka saa saba. Alikuwa ameshaanza kushuka sakafuni, kashika kitanda, uso umekunjamana kwa maumivu. Akasema hajamwita mtoto.
Ndoo nimeishusha. Nimesimama nayo jikoni, naandika haraka haraka. Mwanamke wa miaka thelathini na tisa! Anaita mara ya pili, anauliza kama nimelala huko.
Nakuja, Mama. Ngoja kwanza nioshe uso —