Themomita ya Namba Kubwa

Kangeta, nyumbani kwa mzee

Kwako Mama Wawira, mke wangu,

Pokea salamu nyingi kuliko vumbi la Kiritiri mvua ikikataa. Uko aje, na watoto wako aje? Mguu wa mama umepungua kuvimba? Hata yule mbuzi mjeuri nauliza hali yake. Mimi mwili ni mzima. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu sauti yangu unaijua, nikipiga simu nasikika mpaka chumba cha mwisho, na leo sitaki kusikika. Tena Kiswahili changu cha karatasi kinashinda cha nyinyi Wataita. Ukitaka kubisha, bisha.

Kazi yangu nilikwambia: mlinzi wa bahari. Usicheke. Huku Nyambene, mahali watu wanavaa makoti mawili, kuna bahari ndani ya sebule, nyuma ya kioo, na mimi ndiye naitia chumvi. Ililetwa na Mutethia, kijana wa kwanza wa huyu mzee aliyeniandika kazi, alipomaliza chuo Mombasa. Halafu akapata kazi ng'ambo, akamwambia mama yake, "Mama, nakuachia hawa samaki, unichungie." Simu yake ikawa inaingia, ikawa haiingii, sasa ni kimya. Mama Mutethia ni mtu wa kanisa, mambo ya waganga hataki kusikia. Lakini siku moja akipanga vikombe aliniambia, kama mtu anayetaja habari ya mvua, "Hata akibaki mmoja anaogelea, najua kijana yangu anapumua."

Na hao samaki wanaisha.

Hapo kuna mkono wangu, na sikutanii. Siku ya kuandikwa kazi mzee aliniuliza kama nataka themomita ya kupima maji. Nikacheka. Nikamwonyesha mkono, nikasema huu ulisomea Mombasa kwa wale wanaouza samaki wa mapambo ng'ambo, huu haujui kudanganywa. Na Mombasa ilikuwa kweli. Lakini huku asubuhi mkono unatoka nje kama wa maiti, ukiutia kwa maji yoyote unasikia moto. Kwa hivyo nilikuwa napunguza hita, napunguza tena, samaki wanakufa na baridi, na mimi naapa maji yako sawa. Akabaki mmoja, wa manjano.

Ndipo Mama Mutethia akaniita. "Nenda Meru uniletee hiyo themomita. Iwe na namba kubwa, niisome nikiwa kwa kiti. Macho yangu ni mabaya, na mdomo wako, Ireri, ni mtamu sana."

Nikapita stoo kumuaga mzee. Alikuwa anafunga miraa na majani ya ndizi, hata kichwa hakuinua. "Nunua ile ndogo," akasema. "Ya kusomwa na wewe peke yako. Akiuliza, unamwambia iko sawa."

"Na kama haiko sawa?"

Akawaambia wale wafungaji wengine watoke nje kidogo. "Mutethia hayuko," akasema. "Nilipigiwa simu. Mwili hawajui utatoka lini huko."

"Mama yake anajua?"

"Anajua samaki. Nipatie siku nitafute maneno."

Mke wangu, nikachukua pesa ya themomita, nikapanda gari ya Meru.

Meru nikaingia duka la dawa za mifugo, karibu na soko la Gakoromone. Mama wa duka akauliza, "Ng'ombe ana homa?" Nikamwambia hapana, ni samaki wa bahari, anakaa Kangeta. "Huyo si umlipie gari tu arudi kwao," akasema, na akaniwekea zote juu ya meza. Ya ng'ombe unajua inaingizwa wapi, hiyo nikairudisha bila kuishika sana. Ya maziwa ilikuwa na yale maji ya fedha, zebaki, ikipasuka ndani ya tenki ni sumu. Kulikuwa na nyingine ya kioo, ya maji mekundu, mistari yake midogo kama miguu ya sisimizi. Hiyo ndiyo ya mzee. Na kulikuwa na moja ya mashine ya kuangua vifaranga, waya mrefu, ncha imefunikwa plastiki, kwa sababu chuma na chumvi wakikutana wanazaa kutu, na kutu inaua samaki. Namba zake ni kubwa kama za bei ya petroli. Nikaomba beseni ya maji ya vuguvugu, nikazitia hizo mbili pamoja, zikasema neno moja. Kwa hivyo hakukuwa na themomita ya uwongo pale. Uwongo ungekuwa wangu.

Nilisimama mpaka mama wa duka akaniuliza kama natafuta ya kuoa. Sikujifanya shujaa. Nilijiona tu nikiwa ndani ya ile sebule kila siku, mama wa mtu ananiuliza maji yako aje, na huu mdomo unamjibu. Nikachukua ya namba kubwa.

Nikarudi, nikaifunga kwa tenki, hita nikairudisha juu, maji yakapanda polepole mpaka ishirini na tano. Mama Mutethia akavuta kiti karibu. Mzee akaingia, akaziona namba, akavua kofia, akaivaa tena, akatoka.

Jana stima ikapotea. Wanasema ni transfoma. Themomita ni ya betri, kwa hivyo hiyo haikunyamaza. Nimefunika tenki na blanketi zote za wageni, nimebakisha nafasi ya macho tu, natia chupa za maji moto, natoa, natia. Asubuhi ilikuwa ishirini na tatu. Mchana ishirini na mbili. Yule wa manjano amelala kando ya jiwe, anapepea pezi moja. Mama Mutethia hajala. Anaangalia namba. Halafu akasema, "Ireri, wacha chupa. Niitie mzee."

"Mama, bado yuko. Ona hilo pezi."

"Nimeliona. Sijauliza samaki." Akafunga leso yake vizuri. "Mzee ni mtu wa biashara. Tangu anioe, hakuna kitu kipya kimeingia nyumba hii asiulize ni pesa ngapi, hata kijiko. Hii themomita hajauliza. Mwite."

Nikakimbia stoo. Mzee akaniuliza, "Amekufa?" Nikasema hapana, samaki yuko, lakini wewe unaitwa. Akaweka chini fungu la miraa taratibu, kama mtu anayeweka mayai.

Sasa mlango wa sebule umefungwa. Mimi niko jikoni, sufuria iko kwa moto, naandika ili mikono ipate kazi. Nilikuwa nangoja kilio. Kilio cha hapa kinafika sokoni. Sijasikia kitu, hata kiti kusogea, na hiyo ndiyo inaniogopesha. Maji ya chupa yamechemka kitambo, huko ndani namba zinashuka, na mimi siwezi kubisha hodi.

Wewe uniambie kama nilikosea pale dukani, na usinipake sukari. Wasalimie watoto wetu, na ndugu yako fundi wa baiskeli, na jirani yetu wa kinu cha unga. Mama yangu mwambie nitampigia simu. Sina la kumwambia. Anigombeze tu, nimsikie. Karatasi hii nampa kondakta wa gari ya Embu, ni mtu wa kwetu, atakutafutia wa kuifikisha mkononi mwako.

Ni mimi wako, mwenye mdomo,
Ireri, Baba Wawira