Punda Aliyenipeleka Harusini

Kator, Juba

Keji, mjukuu wangu,

Salamu zako zimefika huku Kator. Mama yako, tangu asikie habari za mchumba wako, anaimba jikoni mchana kutwa. Mvua imeanza na mahindi yameota.

Umeniuliza nilijuaje kwamba babu yako ndiye wangu.

Nilijua siku ya harusi yetu, tulipokuwa wakimbizi Uganda. Nilipelekwa kanisani kwa mkokoteni wa punda wake wa kubebea maji. Wasichana waliupamba kwa matawi ya mti wa maua ya njano, ule wenye utomvu mweupe. Ni mti wa sumu, lakini hakuna aliyejua. Punda aliyatafuna wakati mimi navalishwa, na tulipokaribia kanisa akaanguka.

Babu yako alitoka mbio, akapiga magoti vumbini na suti yake ya kuazima, akakilaza kichwa cha punda mapajani. Padri akamwita, “Bwana harusi, watu wanangoja.”

“Wangoje, Padri. Huyu ametubebea maji siku zote. Hatakufa peke yake.”

Nikaketi karibu naye na gauni langu jeupe. Tulifunga ndoa jioni.

Mti kama ule uko kwa jirani. Ukichanua, naacha kazi nakaa kuutazama.

Siku ya babu yako kufa ilipofika, mwaka jana, nilikilaza kichwa chake mapajani mwangu. Walikuja kuniita nikale. Niliwaambia wangoje.

Bibi yako, Habuba