Lita ya Nyumbani Kwetu

Jumanne, 16 Aprili 2024
Kuharisha kumefika Akheri. Jirani yetu wa bondeni wanawe wawili wamelazwa. Leo Diana, mhudumu wa afya wa kitongoji, kapita nyumba kwa nyumba, kaniachia pakiti tatu za ORS, ile dawa ya chumvi na sukari. Pakiti moja kwa lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Yakilala, mwaga. Kayarudia mara nne, kama mimi ni mtoto wa chekechea! Nimechemsha maji, nimefunika. Mika ana mwaka na nusu tu, hana mwili wa kupoteza. Naogopa.

Alhamisi, 18 Aprili
Mika ameanza. Mara tano kabla ya saa sita mchana. Sikubabaika — maji yapo, pakiti zipo. Nikapima kwa lita yetu, lile bati Baba Mika analouzia maziwa. Anakunywa kwa pupa, afadhali. Baba Mika kanikuta nalo mkononi. Kasimama mlangoni kama ana neno, kisha kachukua madumu yake kaenda. Kumbe naye ana wasiwasi na mwanawe, nikajisemea.

Ijumaa, 19 Aprili
Pakiti ya pili. Hali mbaya. Kiu haiishi. Analia bila machozi, ulimi mkavu. Nikimpa, anataka tena. Nimefanya kila kitu alichosema Diana! Nakosea wapi?

Jumamosi, 20 Aprili. Kituo cha afya
Asubuhi Mika kashikwa na degedege mwili mzima, macho juu. Bodaboda, mbio. Nesi Agnela kaonja maji yangu ya chupani, kakunja uso.
"Mama, mbona makali hivi? Ulipima kwa nini?"
Kwa lita, nikamwambia. Lita gani, kauliza. Daktari lazima ajue maji yalikuwa kiasi gani ndipo apange dripu. Kasema anafuata faili, nijikumbushe vizuri.

Nimemuuliza Baba Mika hapa kwenye benchi. Kaangalia viatu vyake. Ile lita ina kitako cha pili ndani, kasema. Fundi bati alimwekea kabla hatujaoana. Inaingia nusu lita na kidogo. Kumbe nilikuwa namnywesha Mika chumvi karibu mara mbili.

Miaka mitatu nawapimia watu maziwa kwa bati lile, tena najisifu kwamba sipunji! Na Alhamisi aliniona. Aliona, akanyamaza! Leo namchukia, na naandika hivyo hivyo.

"Mama Mika, nakuomba," kasema. "Sema ulipima kwa jagi. Sema ulikosea tu."

Nikosee mimi! Mika kalala mapajani, midomo imepasuka, mkono wake hauna nguvu ya kushika kanga yangu. Nimemwambia Baba Mika asogee, ananibana. Hajasogea.

Agnela yule anakuja na faili, kalamu tayari mkononi. Huyu dada tunampelekea lita mbili za maziwa kila asubuhi.