Kopo la Kura

Alhamisi, Shinyanga. Jua kali na upepo wa vumbi. Sina hamu hata ya chai.

Pamba ya msimu imekwisha leo kiwandani, na jaribio langu limekwisha nayo. Nilitaka kuonyesha kwamba mashine yetu kuukuu, ikizungushwa polepole, huchambua pamba bila kukata nyuzi. Nikishindwa, itang'olewa, na watu wanane wanaoihudumia watarudi kulima.

Wa kwanza wao ni Baba Kulwa, msimamizi wa zamu.

Nilimpa kopo lenye karatasi mbili: "polepole" na "haraka". Kila asubuhi achomoe moja bila kutazama. Itakayotoka ndiyo mwendo wa asubuhi, iliyobaki ni ya mchana. Pamba ya asubuhi ina unyevu wa usiku, nyuzi zake hazikatiki ovyo. Jua likipanda inakauka. Kura ingezuia mwendo mmoja kupendelewa.

Hayo sikumweleza. Nilimwona mtu wa spana tu, nikampa amri.

Kila jioni aliniletea sampuli mbili zilizoandikwa mwendo tu, bila saa, na majibu yalitoka mazuri mno. Siku zote kumi na mbili polepole imeshinda, na jana nilirudi nyumbani naimba. Leo nikaomba daftari lake la zamu niliambatanishe na ripoti. Ukurasa baada ya ukurasa: asubuhi polepole, mchana haraka.

"Ile kura ilikuwa inavuruga kazi, ng'wanawane," akasema, akiniita mwanawe kama kawaida yake. "Nikakupangia vizuri. Mashine hii asubuhi ni nzito, haipendi kukimbizwa."

Alikuwa anatabasamu. Alitegemea ahsante.

Sasa sijui kilichookoa nyuzi ni mwendo au unyevu wa asubuhi. Ghala ni tupu, siwezi kurudia, na uamuzi ni Jumatatu.

Nakiri, nimefikiria kunyamaza. Meneja hatauliza habari za kopo. Nilikaa na kalamu mkononi mpaka wino ukakauka. Mwishowe nimeandika kwamba jaribio halikuthibitisha kitu, na kwamba kosa ni langu. La pili ni kweli pia, ila halitamsaidia mtu.

Nilipotoka nilimkuta Baba Kulwa anaipaka mashine grisi, tayari kwa msimu ujao. Akauliza kama tumeshinda.

Nikamwambia shikamoo, ingawa tulishaamkiana asubuhi. Akaitikia marahaba, akaendelea kupaka.