Mama mkwe anasema mimi ndiye niliyemshtua mume wangu

Dada Skolastika, shikamoo. Nakuandikia huku nanyonyesha kwa hiyo usamehe mwandiko, naomba unisaidie maana nimechoka hata kulia siwezi. Mume wangu, Baba Dorika, alijikata mguu na jembe shambani Singe, akafunga kitambaa akasema ni mchubuko tu, mguu ukavimba, homa ikaanza, na jioni moja nikamwambia nina mimba nyingine wakati Dorika hata hajaacha ziwa, akaanza kutetemeka, asubuhi akawa ananiita kwa jina la dada yake. Tukamkimbiza hospitali, akalazwa ICU. Daktari akatoka akatuambia, "Mgonjwa yuko kwenye mshtuko, maambukizi yameingia kwenye damu." Mama mkwe akashika neno moja tu. Akanigeukia palepale: "Umemwambia nini mwanangu mpaka akashtuka hivi?" Nami kwa ujinga wangu nikamjibu ukweli.

Namshukuru Mungu amerudi nyumbani, ila akienda chooni tu anahema, na anasahau. Nesi wa utafiti, Antonia, ametuita kliniki Jumatatu, wanafuatilia waliougua hivyo wakatoka ICU, wanawapima nguvu na kumbukumbu. Mama mkwe amekataa. Anasema mwanawe si wa kufanyiwa majaribio, anamchukua ampeleke kijijini Sigino akapumzike mbali na mimi, "usije ukamshtua tena ukatumalizia." Dada, mimi nampenda. Siku hizi hata kumwita kwa sauti naogopa, namgusa bega polepole kama mtoto aliyelala. Nimwache aende? Na ni kweli mimba yangu ndiyo iliyomwangusha?

Mama Dorika, Bagara

Marahaba, mdogo wangu, na pole sana.

Mimba haikumwangusha mtu. Jembe lilimkata, kidonda kikaoza ndani ya kitambaa, vijidudu vikaingia kwenye damu, presha ikashuka mpaka damu ikawa haifiki vizuri kwenye ubongo na figo. Hali hiyo ndiyo madaktari wanaiita mshtuko. Siyo ule wa kusikia habari. Hata ungemwambia mmeshinda bahati nasibu, angetetemeka vilevile. Kwa hiyo mwite kwa sauti, mguse, cheka naye. Hapasuki.

Sasa nikugombeze kidogo. Neno limekuumiza siku zote hizo na daktari yupo, kwa nini hukuuliza? Na kidonda kinachovimba hakifichwi kwenye kitambaa, kinapelekwa hospitali siku hiyohiyo. Hilo mwambie na mwenye mguu.

Mama mkwe usimchukie. Alimwona mwanawe amewekewa mipira puani na mikononi, akatafuta wa kumlaumu, wewe ukawa karibu.

Kuhusu utafiti, mwulizeni Antonia watapima nini, watachukua nini na kwa nini. Baba Dorika ana haki ya kukataa, na akikataa matibabu yake yanaendelea. Jibu ni lake, siyo la mama yake wala lako. Kuchoka hakujamfanya bubu. Lakini kuonwa na daktari hiyo Jumatatu ni jambo jingine, hilo halina mjadala. Na wewe siku hiyohiyo uanze kliniki ya wajawazito.

Mwambie mama mkwe hivi: "Mama, twende wote, ukamwulize daktari mwenyewe mwanao alishtuka na nini." Mkifika, mpe kiti cha mbele, mwache aulize mpaka aridhike. Akitaka kumpeleka Sigino baadaye, mtapanga na mwenyewe Baba Dorika. Kabla ya Jumatatu, hatoki hapo nyumbani. Sema kwa adabu, ila usirudi nyuma.