Wale Wasiokuombea Wanasema Nini

Mwaka umetimia, Baba, tangu moyo wako uliposimama na tukakurudisha kijijini kwetu Kashojwa kutoka hospitali ya Mbarara ukiwa umenyamaza. Wewe, Anselme Nshimirimana, ambaye hukuwahi kunyamaza mbele ya jambo usilolijua. Hadi leo mlango ukilia tunangoja lile neno lako: "Ehee, halafu?"

Hapa kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kila mwenye wazo la biashara alipita kwako. Hukumkalisha mtu kitini. Ulitembea naye kutoka nyumbani hadi Base Camp, penye ofisi za makazi, na safari ilipokwisha, ushauri nao ulikwisha: swali moja, kazi moja, mkono wa kwaheri. Aliyerudi bila kuifanya kazi ile ulimpokea kwa furaha, ukamuuliza habari za watoto, mvua na mihogo. Biashara hukuigusa. Wengi walichelewa kuelewa kwamba hilo nalo lilikuwa jibu.

Ulitujua sisi wakimbizi. Tunasali pamoja, tunazikana, na mwenzetu akituuliza kama wazo lake ni zuri, nani atamvunja moyo? Ndiyo maana Mprotestanti ulimtuma akaulize kwa Wakatoliki, na Mrundi kwa Wakongomani. Vijana wa Ruti, kule Mbarara, ukawatuma kwenye mitaa ambako wazazi wao hawajulikani.

Bado tunacheka tukimkumbuka Ezira, mwimbaji wa kwaya kutoka Kivu ya Kusini, aliyetaka kuleta mashine ya kuangulia vifaranga. Alikuja uso unang'aa: "Baba Anselme, kwaya yote banakubali. Na pasta ameisha kuiombea ile mashine."

Ukamjibu, "Ehee. Na wale wasiokuombea wanasema nini?"

Akaenda kuwangoja akina mama Warundi wakitoka misani. Wakamwambia, "Vifaranga tuko navyo mingi. Vinakufa tu. Utuletee chanjo." Leo Ezira anachanja kuku kijiji kwa kijiji, na njia nzima anaimba.

Hata Mama hukumwonea haya. Alipotaka kuuza sambusa, ulimtuma kwa Wasomali. "Miaka yote nakupikia," akasema, "leo nikaulize Wasomali kama najua kupika?" Alikwenda. Walimwambia mafuta yamezidi. Hakukusemesha hadi Jumapili, lakini siku hizi sambusa zake hazilali.

Ulipoondoka, watu waliendelea kuja, na Doriane, kitinda mimba wako, akaanza kutembea nao. Walimsifu mno. Yeye ndiye aliyeshtuka. "Wanakuja sababu ya Baba," alituambia. "Wanatufariji tu. Mimi sijui kama kazi hii naiweza." Tukaingiwa na hofu sote, maana kama alisema kweli, basi kazi yako tuliizika pamoja nawe na sisi tulikuwa tukijidanganya.

Basi akaenda Oruchinga, kwenye makazi mengine ya wakimbizi ambako hukuwahi kufika. Jina lako hakulitaja. Alitembea na Munezero, mama aliyetaka kukodisha pampu ya kumwagilia mashamba. Akamuuliza swali, akampa kazi, akampa mkono. Wiki nzima nyumbani tulikuwa tukiulizana: Munezero atarudi kwa Doriane? Mwanao Rénovat alisema hatarudi. Mama alikataa kubashiri. Na tulitamani sana kujua wewe ungemuuliza nini yule mama, kama ungekuwapo.

Munezero alirudi, tena amekasirika, kwa kuwa wasio wa kanisa lake waliikataa pampu. Lakini kazi alikuwa ameifanya. Wazo jipya alikuwa nalo, na alikuja na jirani yake ambaye naye alitaka kutembea. Njiani akamuuliza Doriane, "Haya maswali ulisomea wapi?" Doriane alifungua mdomo kujibu, akalia palepale barabarani. Wale wanawake wawili hawakujua analia nini. Walimngoja, kisha wakaendelea kutembea.

Kule hakuna hata mmoja aliyekujua, Baba, na wamerudi. Tulidhani jambo hilo lingetuuma. Doriane alipotusimulia, Mama alicheka hadi akajifuta machozi kwa kitenge, akasema, "Basi Anselme hajatuachia msiba peke yake."

Tunaokukumbuka ni mkeo Adélaïde, wanao Rénovat na Doriane, mdogo wako Salvator, mkwe wako Benitha na wajukuu wote. Tutakuwa nawe mioyoni siku zote, Baba.