Jembe la Kwanza

Jumatatu, 6 Februari 1995

Chaki zimebaki tano. Darasa la sita leo: tawala za jadi za Buha. Nimechora ubaoni kama kila mwaka. Juu Mwami, yaani mfalme, chini yake watwale wake, machifu wadogo, chini kabisa raia na mbuzi wao. Pembeni, peke yake, mteko, mwenye ardhi. Nikaeleza kuwa Mwami alikuwa na ngoma, ng'ombe na watu wa kumwinamia, lakini hakuweza kufungua shamba jipya wala kuchimba kaburi kabla mteko hajapiga jembe la kwanza. Watoto hupenda sana sehemu hii. Mfalme kumngoja mkulima!

Editha akauliza, wateko bado wapo? Nikajibu hapana, waliisha zamani. Nikafuta ubao.

Baba yangu wakati huo alikuwa nyumbani anaota jua. Ndiye mteko wa kilima hiki chote cha Kitahana. Editha ni mgeni, baba yake ni bwana shamba aliyehamia mwaka jana. Wengine wote wanajua. Waliinamia madaftari yao. Niliwaona.

Jumatano, 8 Februari

Mchungaji amepita. Jumapili ya tarehe 26 nitasimikwa mzee wa kanisa. Nimengoja miaka tisa, furaha imenipanda mpaka nikamwaga chai. Akatazama jembe dogo lililoning'inia juu ya mlango wa nyumba ya Baba. Akasema kwa upole kwamba mzee wa kanisa hawezi kuwa na madhabahu mbili. Nikamwambia kwamba Baba aliacha mambo hayo.

Uongo wa pili wiki hii. Mwalimu mzima.

Jioni Baba akauliza nani atalipokea jembe. Nikajifanya nahangaika na redio.

Jumanne, 14 Februari

Wakati wa mapumziko amekuja bibi mmoja Mrundi, mkimbizi anayelima vibarua kwa jirani zetu. Ana mtoto mgongoni, kamfunika kitenge hadi kichwani. Akasema, "Mwalimu, niko natafuta mteko. Nina maiti ya kuzika. Banasema mteko ni baba yako."

Mchungaji alikuwa barazani na mwalimu mkuu, wanapanga kipindi cha dini. Hatua nne tu kutoka kwetu.

Nikasema, "Bibi, hapa hakuna mteko. Labda uulize kijiji cha pili."

Akatazama viatu vyangu. Akasema asante, mwalimu, akaondoka na mtoto wake amelala.

Baba alikuwa umbali wa kurusha jiwe.

Jumatano, 15 Februari

Mtoto hakuwa amelala.

Nimeambiwa kisimani. Mjukuu wake, mvulana wa miaka mitatu, homa. Alimbeba vile kutwa, kijiji cha pili, cha tatu, akirudi mvua inanyesha. Majirani wakamshurutisha azike. Wamemzika kwenye mikaratusi bila jembe la kwanza.



Ijumaa, 17 Februari

Nilikuwa naandika ubaoni. Nyuma ya darasa, jembe. Pigo moja, zito, kwenye udongo mbichi. Nikazunguka nje. Nyasi tu, hazijaguswa. Nikawauliza watoto. Hakuna aliyesikia kitu.

Jumapili, 19 Februari

Limerudi katikati ya sala, upande wa madhabahuni. Moja tu. Ndicho kinachonitesa. Mtu akilima hupiga la pili, la tatu, anapata mwendo. Huyu anaanza, haendelei. Nilibaki nimefumba macho nikingoja la pili hadi watu walipokaa.

Naogopa. Niseme wazi, hakuna anayesoma hapa.

Jumanne, 21 Februari

Nimemwambia Baba yote. Editha, Mchungaji, bibi, mtoto. Nilitaka anitukane, ningepumua. Akauliza tu mtoto aliitwa nani.

Sikujua.

Akasema kaburi ni nyumba ya mwenyewe, huingizi mtu bila kupiga hodi. Akataka kuinuka aende kwenye mikaratusi. Akashika mlango, miguu ikagoma. Nikamrudisha kitandani. Ni mwepesi sana.

Alhamisi, 23 Februari

Baba amefariki asubuhi. Nilikuwa nimemletea uji. Kikombe bado kina joto.

Mchungaji ametuma ujumbe: atakuja kusali iwapo hakutakuwa na mambo ya jembe. Nikakubali. Nakubali kila kitu, mimi.

Ijumaa, 24 Februari

Vijana walifika mapema na majembe na sepetu. Nikawaonyesha mahali, chini ya shamba la migomba. Wakasimama. Nikasema chimbeni. Wakasimama tu. Vijana hawa hawa wanaoiga maneno ya Dar kutoka redioni, wanaocheka kila kitu. Hata mmoja hakuinua mkono. Mawingu yanakusanyika, Mchungaji anatazama saa, Baba yuko ndani kwenye mkeka. Mteko wa kilima kizima kakosa wa kumpigia hodi.

Nikaona watu wanapisha njia. Yule bibi, amekuja kuzika. Akasimama karibu nami. "Usiharakishe, mwalimu. Mimi nitangoja. Nilishangoja na mtoto."

Hakusema kwa ukali. Ingekuwa nafuu.

Nikaingia ndani, nikalishusha jembe. Mpini umelainishwa na kiganja chake, kuna kibonde cha kidole gumba. Kidole changu kikaingia humo. Nikapiga. Moja. Sauti ilikuwa ile ile. Vijana wakaanza kuchimba.

Mchungaji alisali, kwa ufupi. Hakula.

Jumapili, 26 Februari

Limesomwa jina la mwingine. Mke wangu alinishika mkono chini ya benchi. Iliniuma, nisijisifu kuwa haikuniuma.

Alasiri nilikwenda na bibi kwenye mikaratusi. Mawe matatu, kikombe cha plastiki. Nikauliza jina. Niyonkuru. Nikapiga jembe kando ya mawe, nikalitaja.

"Umechelewa, mwalimu," akasema. Kisha akasogea kidogo kwenye gogo, nikapata pa kukaa. Tulikaa hadi jua likapungua.

Jumatatu, 27 Februari

Mvua tangu asubuhi. Chaki zimebaki mbili.

Nimerudia somo la tarehe sita. Mwami juu, watwale, raia, mteko pembeni. Nikawaambia darasa la sita kwamba siku ile Editha nilimjibu uongo. Wateko wapo. Mmoja tumemzika Ijumaa. Hawakuuliza mwingine ni nani. Walitazama mikono yangu.

Editha akauliza aliitwa nani huyo wa Ijumaa. Nikaandika ubaoni: Ruhaga. Baba yangu. Wakanakili.

Kengele ikalia, wakatoka. Nilisimama dirishani nikisikiliza. Mvua tu kwenye nyasi.

Ubao sikuufuta.